Maswali ya Wasomaji: Mchunga wa Shambani, Mchunga wa Sufuriani

Mvua zikishanyesha, barua kuhusu mchunga, ile mboga chungu ya majani, huongezeka: wengine wanautaka kwenye sufuria, wengine wanataka kuung'oa usirudi tena. Tumejibu pamoja zile zinazogusa makosa yanayojirudia.

Habari za kazi, wahariri. Kando ya shamba letu kuna mimea mitatu au minne yenye majani marefu na maua ya njano, na karibu yote ikivunjwa hutoa maziwa. Mke wangu asema yote ni mchunga. Nitautambuaje ule wenyewe? — Msomaji, Muheza

Swali zuri, maana maziwa peke yake si kitambulisho. Mchunga wa mboga, ambao jina lake la kitaalamu ni Launaea cornuta, una alama kadhaa na inafaa uzikute zote kabla ya kuchuma.

Anza na majani. Yale ya chini hukaa duara yakiwa yamelala karibu na ardhi. Ni membamba na marefu, mengi kati ya sentimita 10 na 25, yana meno madogo sana ukingoni, na mara nyingi yamekatika kuwa na ndimi moja hadi tatu kila upande. Hayana kikonyo cha kueleweka. Majani ya juu hulikumbatia shina kwa ncha mbili zilizochongoka. Shina lenyewe ni laini, halina miiba, na ndani lina uwazi kama mrija. Likikomaa hufika mita 1 na zaidi, na juu hugawanyika kuwa matawi mengi yenye vichwa vidogo vyembamba vya maua.

Sasa chuma kichwa kimoja cha maua ukipasue kwa kucha. Kile tunachokiita ua ni mkusanyiko wa maua mengi madogo, na kwenye mchunga yote yana umbo la ulimi. Hakuna kitovu cha katikati kama cha alizeti. Tazama ncha ya kila ulimi: utaona meno madogo matano. Maua yakikauka, kila mbegu hubeba manyoya meupe na kupeperuka na upepo.

Alama ya mwisho iko chini. Fukua taratibu kwa kisu: utakuta shina jeupe linalotambaa kwa ulalo chini ya udongo, linavunjika kirahisi, lina vichipukizi, na mara nyingi limeungana na mchunga wa jirani. Hilo ndilo rizomu. Likumbuke, kwa sababu linarudi katika majibu mengine hapa chini.

Kuhusu hiyo mimea mingine, kuna mmoja usiodhuru. Ni Sonchus oleraceus, wa ukoo huohuo: majani yake ni mapana na mororo zaidi, kichwa cha maua kimevimba chini, na ukiung'oa unatoka na mzizi mmoja wa kati, bila rizomu. Huo nao ni mboga, tena uchungu wake ni mdogo. Wa pili ni Euphorbia heterophylla, ambao hauliwi. Una maziwa meupe, lakini maua yake ni madogo ya kijani yasiyo na ndimi, na matunda yake yana vyumba vitatu. Maziwa yake huwasha ngozi na yanaweza kuumiza macho vibaya. Wa tatu ni Argemone mexicana: majani ya miiba yenye mishipa myeupe, ua kubwa la njano, na utomvu wa njano badala ya mweupe. Huo ni sumu, hasa mbegu zake. Na ukikuta ua la njano lenye kitovu katikati na shina lisilotoa maziwa kabisa, huenda ni jamii ya Senecio. Mingi kati ya hiyo ina kemikali zinazoharibu ini, na kuchemsha hakuziondoi.

Kama mmea bado ni mchanga na hauna ua, tazama kama umeunganishwa chini kwa chini na ulio na ua. Ukiona rizomu linatoka kwa huyu kwenda kwa yule, basi ua la mmoja linawatambulisha wote wawili. Usipoona muungano huo, subiri uchanue.

Kitabu changu cha zamani kinauita Sonchus cornutus, wavuti wanaandika Launaea cornuta. Ni mimea miwili? — Msomaji, Kilifi

Ni mmoja. Zamani uliwekwa katika jenasi (kundi la mimea ya karibu) ya Sonchus, kisha mtaalamu C. Jeffrey akauhamishia Launaea. Neno cornuta ni la Kilatini, maana yake "wenye pembe". Huko kwenu Wagiriama wanauita mutsunga, na Usambara utausikia ukiitwa mshunga. Ukinunua sokoni tumia jina la mahali, ukisoma kitabu tafuta yote mawili ya Kilatini.

Jamani, mchunga wangu unakuwa mchungu kupita kiasi, watoto hawaugusi. Nauchemsha mara tatu namwaga maji lakini wapi. Nakosea wapi? — Mama wa watoto wanne, Tanga

Mama, huenda kosa linaanzia shambani kabla ya jikoni. Uchungu wa mchunga umo ndani ya utomvu, yale maziwa, nayo ni kinga ya mmea dhidi ya wadudu na wanyama. Kadiri jani linavyozeeka, jua linavyochoma na mmea unavyojiandaa kuchanua, ndivyo uchungu unavyozidi. Majani ya duara la chini, yaliyochumwa wiki chache baada ya mvua kuanza na kabla shina halijapanda, ni mboga tofauti kabisa na majani ya mmea ulioanza kutoa maua. Shina likishapanda, chuma ncha laini za juu tu, zile zinazokatika kwa kucha bila kuvuta nyuzi. Majani magumu ya katikati waachie sungura.

Jikoni, mpangilio wa kazi una maana kubwa. Chambua na uoshe majani yakiwa mazima, katika maji mawili au matatu, kwa sababu mchanga hujificha kwenye meno na kwenye ule mkunjo wa chini ya jani. Baada ya kuosha ndipo ukatekate, vipande vya upana wa sentimita 1 hivi. Kwa mboga nyingine tungekushauri ukate vikubwa ili usipoteze virutubisho, lakini kwa mchunga kila mkato hufungua mishipa ya utomvu na kuuachia njia ya kutoka. Ukichemsha majani mazima, utomvu unabaki ndani, na hapo hata ukimwaga maji mara tatu unapoteza vitamini na kubaki na uchungu.

Kwa nusu kilo ya mchunga uliokatwa, chemsha kwanza lita 3 za maji pamoja na kijiko 1 cha chai cha chumvi. Maji yakitokota sawasawa ndipo utie mboga. Usifunike sufuria. Acha dakika 5, kisha mwaga maji yote na ukandamize mboga kwa mwiko kwenye chujio. Onja. Kama ni mchunga mchanga, hapo panatosha. Kama bado unauma ulimi, rudia mara moja tu, kwa maji mapya yanayotokota na kwa dakika 3. Wengi hukosea kwa kutumia maji kidogo: kikombe kimoja au viwili hujaa uchungu upesi, na mboga inabaki ikiogelea humohumo.

Kisha uchanganye. Nusu kilo hiyo ya mchunga inakaa vizuri na nusu kilo ya mchicha au majani ya kunde. Kwa watoto wanaoanza, tia sehemu 1 ya mchunga kwa sehemu 3 za mchicha, halafu uongeze kidogo kidogo wiki hadi wiki. Kaanga kitunguu 1 kwa vijiko 2 vya mafuta, tia nyanya 2 ziive mpaka zirojeke, mimina kikombe 1 cha tui jepesi, kisha mchicha na mchunga uliokamuliwa. Majani ya kunde ni magumu zaidi, kwa hiyo yatangulie dakika 10 kabla ya mchunga. Mwisho tia nusu kikombe ya tui zito, punguza moto, na ukoroge taratibu upande mmoja mpaka lianze kuchemka kidogo tu. Ukiacha litokote kwa nguvu, tui linakatika na mafuta yanajitenga.

Tui halikuwekwa kwa anasa. Mafuta huushika uchungu usisambae ulimini, na chumvi huupunguza makali yake. Karanga zilizosagwa zinafanya kazi hiyohiyo: vijiko 3 vya kulia vilivyokorogwa kwa maji ya uvuguvugu vinatosha kwa kiasi hiki. Sukari hatuishauri, inakupa mboga tamu.

Je, magadi yanaondoa uchungu? — Msomaji, Pangani

Magadi hulainisha majani na kuyapa rangi ya kijani iliyoiva, ndiyo maana watu huyapenda. Lakini huharibu vitamini C na vitamini B1, na yakizidi mboga huteleza na kupata ladha ya sabuni. Mchunga mchanga hauhitaji kulainishwa. Kama ni rangi unayoitafuta, acha sufuria wazi na usitie nyanya wala ndimu mpaka majani yameshachemshwa na kukamuliwa, kwani asidi ndiyo inayoyafanya yawe ya kikaki.

Nikichuma mchunga vidole vinakuwa vyeusi na sabuni haitoi. Pia dada yangu huwashwa mikono. Ni sumu? — Msomaji, Malindi

Weusi huo ni utomvu uliokutana na hewa. Unapotoka ni mweupe, ukikaa unakuwa wa kahawia na kunata kama gundi. Sabuni peke yake haiumudu. Paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua mpaka unata uishe, ndipo unawe kwa sabuni. Ukipaka mafuta kidogo kabla ya kuchuma, hautashika kabisa. Kisu nacho kifutwe kwa mafuta mara baada ya kukatia.

Dada yako ni habari nyingine. Wapo watu ambao ngozi zao hazivumilii mimea ya ukoo wa alizeti, na mchunga ni wa ukoo huo. Avae glavu, asijiguse macho, na akiona malengelenge au uvimbe usoni aache kuushika na amwone daktari. Kama ulimi au midomo inamwasha anapoula, asiule tena.

Mchunga umenimaliza shambani. Nalima, napalilia, baada ya wiki tatu umejaa kuliko mwanzo. Nifanyeje? — Mkulima, Korogwe

Ndugu mkulima, jembe lako ndilo linaloupanda. Lile rizomu tulilolieleza likikatwa vipande kumi, kila kipande chenye chipukizi kinaweza kuwa mmea mpya. Trekta ya sahani hufanya vibaya zaidi, kwa sababu hukata na pia hubeba vipande mpaka kona ambazo hazikuwa na mchunga. Ndiyo maana unaona umeongezeka baada ya kupalilia, wala si mbegu za upepo zilizofanya hivyo kwa wiki tatu.

Kuna njia mbili, na ni lazima uchague moja uishikilie.

Njia ya kwanza ni kufukua. Fanya kazi hii mwanzoni mwa kiangazi, udongo ukiwa bado na unyevu kidogo. Tumia uma wa shamba badala ya jembe: ingiza, inua udongo, uutikise, uvute rizomu zima kadiri linavyowezekana. Vipande vidogo viokotwe kwa mkono. Usivirundike pembeni ya shamba vikiwa vibichi, maana mvua ya kwanza itaviotesha hapohapo. Vitandaze juani juu ya turubai au mwamba mpaka vikatike kwa mlio, ndipo uvitupe au uvichome. Kwenye mboji vitie vikiwa vimekauka tu.

Njia ya pili ni kuunyima chakula. Rizomu huishi kwa akiba iliyotengenezwa na majani. Ukikata kila chipukizi usawa wa ardhi kabla halijafikisha majani manne au matano, mmea unatumia akiba kuotesha jingine, na jingine, mpaka unaishiwa. Maana yake ni kupita shambani kila siku 10 hadi 14, msimu mzima wa mvua. Wanaoshindwa na njia hii hushindwa kwa kuruka zamu moja: wiki nne za majani mapana zinarudisha akiba yote iliyopotea. Ukiweka matandazo mazito ya nyasi, sentimita 10 au zaidi, machipukizi yanapungua na kazi inakuwa nyepesi. Kunde na viazi vitamu vinavyofunika ardhi upesi husaidia kwa namna hiyohiyo.

Kuhusu dawa: zile za kuunguza majani hazifiki chini, utaona shamba limekauka siku tatu kisha linachipua. Dawa inayosafiri ndani ya mmea, kama yenye glaifoseti, hufanya kazi ikiwa tu kuna majani ya kutosha kuipokea na kuishusha kwenye rizomu. Kunyunyizia mara baada ya kupalilia ni kumwaga pesa. Fuata kipimo cha lebo, isiguse mazao, na weka alama ya wazi mahali uliponyunyizia. Watu huchuma mboga hii popote wanapoiona. Jirani yako hawezi kujua kwa kutazama kwamba jana ulipita na bomba.

Na kabla ya yote hayo, waulize watu wa nyumbani. Mashamba mengi yana kona ambayo mchunga wake ni mboga ya kila wiki. Hiyo iache, ila ichimbie mtaro wa kina cha sentimita 40 pembeni na uusafishe kila mvua, ili rizomu zisivuke.

Naishi mjini, nataka mchunga wangu mwenyewe. Mbegu napata wapi? — Msomaji, Mombasa

Acha mbegu. Zinaota bila mpangilio, na mmea unaotokana na rizomu hukupa mboga mapema zaidi. Tafuta mahali safi mbali na barabara kuu, jalala na maji ya mtaro, kwa sababu mboga za majani hukusanya vumbi na uchafu wa hapo zilipoota. Fukua rizomu lenye unene wa penseli hivi, ulikate vipande vya sentimita 8 hadi 10, kila kimoja kiwe na vichipukizi viwili au zaidi. Vifunge kwenye kitambaa kibichi usafiri navyo, vikikauka vimekufa.

Vipande hivyo vilaze, usivisimamishe, sentimita 5 chini ya udongo, umbali wa sentimita 25. Tumia ndoo kuukuu au gunia lenye matundu, udongo sehemu 2 kwa samadi iliyooza sehemu 1. Mwagilia udongo uwe na unyevu bila kutuama. Kwenye maji yaliyotuama rizomu huoza na kunuka. Chombo kisigusane na ardhi moja kwa moja, kiwekwe juu ya matofali, vinginevyo rizomu litatokea kwenye matundu na kuingia uani.

Chuma mmea ukishakuwa na majani sita na kuendelea, ukiacha matatu ya ndani. Kila shina la maua likianza kunyanyuka, likate. Kwa kufanya hivyo majani laini yanaendelea kutoka kwa muda mrefu, na jirani hapelekewi mbegu. Ukiona majani yamekuwa madogo na magumu ilhali unamwagilia, fungua chombo: rizomu zimejaa na kubanana. Punguza nusu, ubadilishe udongo.

Sungura wanaupenda sana. Niwape tu mchunga? — Kijana mfugaji, Lushoto

Wape, lakini usiwe peke yake. Mchunga una maji mengi na nyuzi chache, sungura akijazwa huo mtupu anaharisha, na vitoto huweza kufa kwa kuharisha huko. Nyasi kavu ziwe ndizo chakula kikuu, zikae muda wote bandani. Mchunga uutandaze kivulini saa kadhaa mpaka unyauke, usiwe na umande wala maji ya mvua, na usiurundike, kwa sababu rundo bichi hupata joto na kuchacha. Kwa sungura ambaye hajauzoea, anza na majani mawili matatu kwa siku, uongeze kwa wiki nzima ukitazama kinyesi.

Mama mkwe wangu ana kisukari. Ameambiwa anywe maji ya mchunga mabichi kila asubuhi na aache vidonge. Mnasemaje? — Msomaji, Voi

Vidonge asiache. Hilo tunalisema kwanza na kwa uzito wote. Mchunga umetumika kwa vizazi pwani na bara kutibu tumbo, homa na mengine, na mimea hii chungu inaendelea kuchunguzwa maabara. Lakini maji ya majani yaliyotwangwa nyumbani hayana kipimo: mkono mmoja hutoa kikombe chepesi, mwingine hutoa kizito mara tano. Akiyanywa juu ya dawa zake, sukari inaweza kushuka kuliko inavyotakiwa; akiacha dawa, inaweza kupanda bila yeye kuhisi, na madhara yake ni kwa macho, figo na miguu.

Kula mchunga kama mboga iliyopikwa, sahani yake ya kawaida, ni jambo jema kwa mtu mwenye kisukari, mradi tui lisizidi na ugali upimwe. Kama anataka kunywa maji yake, amweleze daktari wake kabla, si baada. Mjamzito asinywe dawa ya mizizi au majani yaliyochemshwa. Na mwenye homa apimwe malaria, haidhuru kikombe kilichopo mezani ni kichungu kiasi gani.

Kiangazi hakuna mchunga. Unakaushika? — Msomaji, Handeni

Unakaushika vizuri. Chagua majani machanga, yaoshe, yakate, yatumbukize kwenye maji yanayotokota kwa dakika 2 hadi 3, kisha yaopoe mara moja na kuyatia kwenye maji baridi. Hatua hii huzuia majani yasiendelee kubadilika ghalani, na hutoa sehemu ya uchungu. Yakamue, yatandaze tabaka moja kwenye wavu au ungo, kivulini penye upepo. Jua kali la moja kwa moja hukausha haraka lakini hula vitamini A na kuyapausha. Geuza mara tatu au nne kwa siku. Yako tayari yanaposagika kwa vidole bila kupinda. Likibaki jani moja linalopinda, kopo zima linaweza kuota ukungu.

Hifadhi kwenye kopo la mfuniko unaobana, gizani. Siku ya kupika, roweka konzi mbili katika maji ya moto kwa dakika 20, umwage maji hayo, kisha uunge kama kawaida. Majani ya njano yatupe kabla ya kukausha, kwani yakishakauka huwezi tena kuyatofautisha na mazuri.